Kulipia tiketi ya ndege kwa kadi zaidi ya moja: maswali ninayoulizwa kila wiki

Ninakaa kwenye kaunta ya tiketi, Posta, Dar es Salaam. Ukiacha "bei gani?", swali ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Dada, naweza kulipa nusu kwa kadi hii na nusu kwa ile?" Wengi wanaouliza hawana pochi iliyojaa kadi. Ni ndugu wanaochangishana. Mmoja yuko Tabata, mwingine Maskati, mwingine Minneapolis, na mama anatakiwa awe Mumbai kwa daktari Jumatatu asubuhi. Nimeyaweka maswali yao hapa pamoja na majibu yangu, ili nikiulizwa saa sita usiku nitume kiungo nirudi kulala.

Tovuti ya shirika la ndege inakubali kadi mbili kwa tiketi moja?

Mara nyingi, hapana. Ukurasa wa malipo una nafasi ya kadi moja: namba, tarehe ya kuisha, tarakimu tatu za nyuma, basi. Kadi hiyo ibebe nauli ya wote mliomo kwenye buking, au ikatae.

Kinachochanganyika kwa urahisi zaidi ni kadi moja ya benki pamoja na kitu kisicho kadi ya benki: vocha ya safari uliyoahirisha, kadi ya zawadi ya shirika lenyewe, au maili zako, zile pointi unazopewa kwa kusafiri na shirika. Wapo pia mawakala wa mtandaoni, hasa wa Marekani na Ulaya, wanaokuachia ugawe malipo kwenye kadi mbili. Ila ukinunua kwao, mtu wako ni wakala. Ndege ikiahirishwa, shirika litakuambia, "Rudi ulikonunua," na huko unakorudi pengine hakuna hata ofisi, kuna namba ya simu yenye muziki.

Kwa nini wanakataa? Pesa si pesa?

Tangu tarehe 1 Juni 2008, mashirika yaliyo chini ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, yaliacha tiketi za karatasi. Tiketi siku hizi ni rekodi kwenye kompyuta yenye namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 176 Emirates, 197 Air Tanzania. Ndani ya rekodi hiyo kuna mahali panapoandikwa namna tiketi ilivyolipiwa. Maandishi hayo yanaifuata tiketi mpaka mwisho wake. Ukibadilisha tarehe, wanayaangalia. Ukidai kurejeshewa, wanayaangalia hayo hayo.

Sasa weka kadi mbili. Mfumo uulize benki mbili kwa wakati mmoja. Ya Dar ikubali, ya Maskati ikatae: ile pesa ya kwanza irudishwe, kiti kiachiwe, na wewe upige simu kulalamika. Kuna ada za kadi mara mbili, ukaguzi wa wizi mara mbili, na watu wawili ambao yeyote kati yao anaweza kwenda benki kesho akasema, "Sikuidhinisha mimi." Shirika linaona bora likose mteja mmoja kuliko kubeba mzigo huo.

Mashine zenyewe hazishindwi. Sisi mawakala tunaotumia Amadeus au Sabre, mifumo ya kompyuta ya kukatia tiketi, tunaweza kuandika malipo mseto kwenye tiketi moja, sehemu taslimu na sehemu kadi. Mwenye kuamua ni shirika, na mengi husimama hapo: taslimu na kadi moja, ya pili hapana.

Dada, sisi watoto watatu tunachangia tiketi ya mama. Tufanyeje?

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana ndilo swali lenyewe.

Ushauri wangu wa kwanza: mmoja alipe tiketi yote, wengine wachukue gharama nyingine. Watu wengi wanapasua tiketi vipande vitatu kana kwamba safari nzima ni tiketi. Chukua mfano wa mama wa Mumbai. Tuseme nauli ni dola 620. Kuna viza ya mgonjwa na viza ya msindikizaji. Kuna chumba karibu na hospitali, kuna teksi, kuna chanjo ya homa ya manjano, kuna dawa za kununua kabla hajaondoka. Kaka wa Minneapolis alipe tiketi kwa kadi yake, aliye Maskati atoe ya chumba, wa Tabata ashughulikie viza na fedha ya mkononi. Kila mmoja ametoa sawa na mwenzake, na hakuna shilingi iliyovuka mipaka mara mbili.

Hilo la kuvuka mipaka ni muhimu. Kaka akituma dola 200 kutoka Marekani zije kwenye simu ya dada Tabata, analipa ada ya kutuma, anapoteza kidogo kwenye kubadilisha dola kuwa shilingi, halafu dada analipia nauli iliyoandikwa kwa dola, benki inabadilisha tena shilingi kuwa dola na kukata chake. Pesa imesafiri kuliko mama. Anayepata mshahara kwa fedha ngumu ndiye mwenye kulipa kitu kilichopangiwa bei kwa fedha ngumu.

Njia ya pili ni kuja kwa wakala. Hapa kadi nyingi zinawezekana kweli, kwa sababu anayelipwa na kadi zenu ni ofisi yetu, na anayelilipa shirika ni sisi. Mmoja anapitisha kadi kwenye mashine laki tatu, mwingine anatuma kwa lipa namba, wa tatu anaweka benki. Zikitimia, tunakata tiketi. Kuna gharama ya huduma, na ofisi nyingi huongeza asilimia kidogo kwa anayelipa kwa kadi. Uliza kabla hujatoa kadi mfukoni. Dai risiti kwa kila mchango, yenye jina la aliyetoa. Nimeshuhudia ndugu wakivutana mbele ya kaunta yangu kwa sababu risiti ilikuwa moja, ya jumla, kwa jina la aliyefika mwisho.

Njia ya tatu inafaa kama wasafiri ni zaidi ya mmoja, na swali lake linafuata.

Tunasafiri wanne, kila mtu na kadi yake. Lazima tufanye buking nne?

Kwenye tovuti, ndiyo. Kwa wakala au ofisi ya shirika, si lazima. Buking ni moja, ile yenye herufi na namba sita tunayoiita PNR, lakini tiketi ziko nne, kila abiria na yake. Tunaweza kukata tiketi ya abiria wa kwanza kwa kadi yake, ya wa pili kwa kadi yake, na kuendelea hivyo, wote mkiwa ndani ya buking ile ile. Watu wengi hawajui hili linawezekana, na ndiyo jibu safi kuliko yote kwa kundi la marafiki au watu wa harusi.

Ukiamua kufanya buking tofauti mtandaoni, kuna faida moja ambayo hata wateja wangu wa miaka hawaijui. Ngoja niwaonyeshe skrini yangu. Nikitafuta ndege, mstari unaniletea kitu kama hiki: Y9 B9 M4 Q1. Kila herufi ni daraja la nauli ndani ya viti vile vile vya nyuma, na namba ni viti vilivyobaki kwa bei hiyo. Tisa maana yake ni tisa au zaidi. Q ndiyo rahisi hapa, na kimebaki kimoja. Ukiomba viti vinne kwa pamoja, mfumo hautakupa kimoja cha Q na vitatu vya M. Utawapandisha wote wanne kwenye M. Mkinunua mmoja mmoja, wa kwanza anaondoka na Q, watatu wanalipa M. Kwa hiyo kabla ya kutafuta bei ya watu wanne, tafuta ya mtu mmoja. Ikishuka, umeshajua kilichopo.

Hatari zake sasa. Wakati wa tatu anaandika namba ya kadi, wa nne anaweza kukuta bei imepanda. Shirika likibadilisha ratiba, linaweza kuwahamisha wawili ndege ya asubuhi na wawili ya usiku, kwa sababu kwa mfumo ninyi ni wageni msiojuana. Pigeni simu mkawaombe waandike maelezo kwenye buking zote kwamba mnasafiri pamoja. Haiwalindi kwa kila kitu, lakini mtu wa kaunta akiifungua ataona.

Mtoto msimtenge. Mchanga wa chini ya miaka miwili hukaa ndani ya buking ya mkubwa anayempakata, na mtoto akiwekwa peke yake kwenye buking, tovuti nyingi zinakataa au zinamhesabu kama mtoto asiye na msindikizaji, jambo lenye ada na fomu zake.

Naweza kulipia kwenda kwa kadi moja na kurudi kwa kadi nyingine?

Unaweza, kwa kununua tiketi mbili za upande mmoja. Kwa mashirika ya bei nafuu hakuna tatizo, wao hupanga bei kila upande peke yake. Kwa mashirika makubwa yanayokwenda mbali, tiketi mbili za upande mmoja mara nyingi ni ghali kuliko moja ya kwenda na kurudi, saa nyingine kwa mbali sana. Piga hesabu zote mbili.

Kuna uhuru unaoupata: kwenye tiketi moja ya kwenda na kurudi, usipotokea siku ya kwenda bila taarifa, ya kurudi inafutwa. Kwenye mbili tofauti, ya kurudi inabaki. Na kuna unachopoteza. Shirika likifuta ndege ya kwenda, litashughulika na ya kwenda tu. Ya kurudi ni juu yako. Pia chapisha zote mbili ukaziweke kwenye bahasha moja na pasipoti, maana afisa wa uhamiaji akikuuliza tiketi ya kurudi, usianze kutafuta barua pepe kwenye simu isiyo na bando.

Kitu kimoja nakataza kabisa: kukata safari katikati ya kuunganisha. Mwanza hadi Dar kwa kadi hii, Dar hadi Mumbai kwa kadi ile, kwa tiketi mbili zisizojuana, na saa moja na nusu katikati. Ndege ya Mwanza ikichelewa, ya Mumbai haikusubiri na haina deni na wewe. Begi nalo utalichukua Dar, utoke nalo nje, ulipange foleni upya.

Kadi ya kwanza pesa imekatwa, ya pili imekatwa, tiketi sijaiona. Nimeibiwa?

Tulia. Usijaribu kadi ya tatu.

Kinachotokea ni hivi. Ukibonyeza kulipa, benki kwanza inaishikilia ile pesa kwa ajili ya shirika, na papo hapo inakutumia ujumbe. Pesa haijaondoka, imefungiwa tu. Shirika likishindwa kumaliza kazi, kwa mfano mtandao umekatika au ukaguzi umegoma, pesa inatakiwa iachiwe. Kwa kadi ya mkopo unaona kikomo kimepungua siku chache, halafu kinarudi. Kwa kadi ya kawaida ya akaunti inauma zaidi, kwa sababu iliyofungiwa ni pesa yako ya kula, na huweza kuchukua wiki na zaidi.

Cha kuangalia ni kimoja: una namba ya tarakimu 13? PNR bila namba hiyo ni ahadi ya kiti, bado hujawa na tiketi. Ujumbe wa benki nao si tiketi. Ingia kwenye tovuti ya shirika na PNR yako, au piga simu, uliza: "Tiketi imeshatolewa?"

Mimi mwenyewe, na kazi yangu hii, niliwahi kufanya kosa hilo. Nilikuwa nyumbani namkatia mdogo wangu, tovuti ikazunguka, nikaingiza kadi nyingine, ikazunguka, nikarudia ile ya kwanza. Asubuhi nikakuta tiketi mbili: jina moja, ndege moja, siku moja. Nilikaa na simu sikioni nikielezea mpaka chai ikapoa, ikafutwa moja, na iliporudi pesa ilikuwa imekatwa adhabu. Dakika tano za kusubiri barua pepe zingeniokoa. Tena kumbuka, mashirika yana mitambo inayosaka buking za kujirudia na kuzifuta zenyewe, na haichagui ile unayotaka ibaki.

Salio lipo, mbona kadi inakataa?

Kadi nyingi za benki zetu huja zikiwa zimefungiwa malipo ya mtandaoni mpaka ufungue kwenye programu ya benki au tawini. Baada ya hapo kuna kikomo cha siku, ambacho hakijali salio lako ni kiasi gani. Halafu kuna ile namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwa ujumbe mfupi: kama laini iliyosajiliwa benki iko kwenye simu ya zamani kijijini, hutaipata. Piga simu benki kabla, waambie unalipa nani, kiasi gani, kwa fedha gani, wakupandishie kikomo kwa siku hiyo.

Sina kadi. Michango iko kwenye simu.

Basi uko vizuri kuliko unavyodhani. Kenya Airways, Jambojet na Precision Air wanapokea pesa za simu. Air Tanzania wanakupa kontrol namba, yaani namba ya malipo, unalipia kwa simu au benki. Kwa mashirika yasiyopokea, kuna kadi za mtandaoni zinazotolewa na kampuni za simu zenyewe. Kenya, M-Pesa walileta yao ya Visa mwaka 2022. Unaizalisha kwenye simu, inakupa namba kama za kadi yoyote, na inachota moja kwa moja kwenye salio.

Angalia uzuri wake kwa familia inayochanga. Watu kumi wanatuma kwenye laini moja, na laini ile inageuka kadi moja. Shirika la ndege linaona kadi moja tu, halijui kama nyuma yake kuna shangazi watatu na kikundi cha kufa na kuzikana. Chunga tu kikomo cha salio. Kenya kilipandishwa hadi shilingi 500,000 za Kenya mwaka 2023, na tiketi mbili za Ulaya msimu wa Desemba zinaweza kukikaribia.

Kadi ni ya kaka aliyeko nje. Nitazuiwa uwanjani?

Inaweza kutokea. Mashirika kadhaa yanaweka masharti kwamba abiria aonyeshe kadi iliyolipia, hasa kama jina la kadi si la msafiri na safari inaanzia nchi nyingine. Kwenye uthibitisho wa tiketi maneno hayo huwa yapo, chini, kwa maandishi madogo. Soma.

Dawa yake ni kaka alipie mwenyewe, kwenye simu yake, kwa namba yake ya siri, halafu awapigie shirika au aende ofisi yao huko aliko awathibitishie kadi. Waandike kwenye buking kwamba imethibitishwa. Wengine watamtaka ajaze fomu ya kuidhinisha malipo ya mtu mwingine. Fanyeni hayo angalau siku tatu kabla, msisubiri usiku wa safari.

Na tafadhali: picha ya kadi mbele na nyuma kwenye kundi la WhatsApp la familia, hapana. Nimewahi kuona kundi lenye watu 47 na picha ya kadi ya Visa iliyo wazi kama kadi ya harusi. Shirika likitaka nakala, funika tarakimu za katikati na zile tatu za nyuma.

Kuna mtu anauza tiketi nusu bei Telegram, anasema ana "kadi zake". Vipi?

Hizo kadi si zake. Tiketi zinazolipiwa kwa kadi za wizi ni biashara kubwa kiasi kwamba polisi wa Ulaya, Europol, wamekuwa wakiendesha operesheni maalumu na mashirika ya ndege na kampuni za kadi kuwakamata wasafiri wa tiketi hizo viwanjani. Mwenye kadi akigundua, benki inairudisha pesa, shirika linaifuta tiketi, nawe uko kwenye foleni na mabegi. Atakayeulizwa maswali ni uliyesimama pale, muuzaji ameshabadilisha jina.

Hii pia ndiyo sababu kujaribu kadi nne ndani ya robo saa ni vibaya hata kama zote ni halali. Mtambo wa ukaguzi unaona kompyuta moja, jina moja la abiria, kadi nne za nchi tatu. Ndivyo wezi wanavyofanya.

Safari ikifutwa, pesa inarudi kwenye kadi ipi?

Iliyolipa. Iliyolipa pekee. Kama ni kadi moja ya kaka, kila senti inarudi kwa kaka, na mgawanyo ni wa nyumbani. Ulichanganya vocha na kadi? Sehemu ya vocha mara nyingi inarudi kama vocha. Ulilipia kwa wakala? Pesa inapita kwa wakala kwanza.

Kwa safari zinazogusa Marekani, sheria yao inalitaka shirika, likifuta ndege au kuibadilisha sana nawe ukakataa mbadala, likurudishie ndani ya siku 7 za kazi kama ulilipa kwa kadi ya mkopo, na siku 20 kwa malipo mengine. Kwa hiyo aina ya malipo uliyochagua mwanzoni inaamua utasubiri kiasi gani mwishoni.

Tahadhari ya kifamilia: asitokee ndugu aliyelipia, mkagombana, akaenda benki kulipinga lile deni wakati mama hajamaliza safari. Shirika likiona pesa imepingwa, linaweza kuifuta tiketi hata kama mama yuko tayari Mumbai akisubiri kurudi.

Nikiwa London au Marekani, kuna ulinzi wowote wa ziada nikitumia kadi ya mkopo?

Uingereza, upo, na ni mzuri. Kifungu cha 75 cha sheria yao ya mikopo ya mwaka 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei inayozidi pauni 100 na isiyopita pauni 30,000. Utamu wake kwa mada yetu: hata kama umelipa sehemu tu kwa kadi ya mkopo, ulinzi unahesabiwa kwa bei nzima. Ukilipa pauni 50 kwa kadi ya mkopo na 600 kwa kadi ya kawaida, unalindwa kwa 650. Ila kinachotazamwa ni bei ya tiketi, si kiasi ulichopitisha, na wakala akiingia katikati mnyororo unaweza kukatika. Tangu Januari 2018 pia hawaruhusiwi kukutoza ziada kwa kuwa tu umetumia kadi yako binafsi.

Marekani kuna sheria ya saa 24: ukinunua moja kwa moja kwa shirika, siku 7 au zaidi kabla ya safari inayotoka, kwenda au iliyo ndani ya Marekani, shirika likuruhusu kufuta bila adhabu ndani ya saa 24, au likushikie bei kwa muda huo bila malipo. Haiwabani mawakala. Mteja wangu mmoja wa Columbus huitumia hivi: anakata tiketi ya mama yake leo kwa kadi yake, anawaambia wadogo zake mna mpaka kesho saa hizi kutuma chenu. Wasipotuma anafuta. Anasema wanatuma.

Naweza kuishika bei wakati tunachanga?

Emirates na Qatar Airways wanauza huduma ya kushikilia nauli kwa ada. Kwa wakala, buking inaweza kukaa bila kulipiwa mpaka muda wa mwisho uliowekwa na shirika. Inaweza kuwa siku tatu, inaweza kuwa saa mbili, kutegemea nauli na ukaribu wa safari. Kiti kushikiliwa na bei kushikiliwa ni mambo mawili. Uliza kwa maneno hayo hayo.

Nani anapata maili, na bima ya kadi vipi?

Maili za ndege ni za anayekaa kwenye kiti. Pointi za kadi ni za mwenye kadi. Bima ya safari inayokuja na kadi hutofautiana: nyingine zinataka nauli yote iwe imelipwa kwa kadi hiyo, nyingine zinaridhika na sehemu. Kama unagawa nauli kwa vocha au maili, soma mkataba wa kadi kabla hujaitegemea.

Kadi niliyolipia imeshakwisha muda. Rifandi itakwenda wapi?

Ikiwa akaunti bado ipo na kadi imebadilishwa tu, kwa kawaida benki inaielekeza kwenye kadi mpya, maana iko chini ya akaunti ile ile. Ikiwa akaunti imefungwa, pesa huenda benki ikakaa au ikarudi kwa shirika. Nenda benki na namba ya tiketi, tarehe ya kurejeshwa, na ile namba ya kumbukumbu ya muamala ambayo shirika linapaswa kukupa ukiomba. Bila namba hiyo ya kumbukumbu, mtu wa benki atatafuta mpaka saa ya kufunga.